Kutoka jaridani hadi wodini: namna madaktari wa Nyanda za Juu Kusini wanavyofuata tafiti zinazobadilisha tiba

Makala zaidi ya milioni moja huingia kila mwaka katika PubMed, hazina ya kielektroniki ambamo tafiti za kitabibu za dunia nzima huorodheshwa. Daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya huko Makete au Tukuyu, ambaye asubuhi amepita wodi mbili, mchana amemfanyia upasuaji mama aliyeshindwa kujifungua na usiku ameamshwa kwa ajili ya mtoto anayedegedeka, hawezi kusoma hata sehemu ndogo ya makala hizo; na profesa asiyeshika zamu yoyote naye hawezi. Kwa hiyo swali ambalo ndugu wa wagonjwa huuliza wanaposikia habari za dawa mpya redioni, kwamba je, madaktari wetu wanazijua, linahitaji jibu refu kuliko ndiyo au hapana. Daktari makini hafuati kila utafiti. Anatafuta ule mmoja kati ya maelfu unaomlazimu kubadilisha anachofanya wodini, anaupima kama unawahusu wagonjwa wake, kisha, na hapa ndipo penye ugumu ambao watu wa nje hawauoni, anashirikiana na wauguzi, wafamasia na viongozi wa hospitali ili badiliko lenyewe litokee. Kati ya kazi zote hizo, kusoma ndiyo fupi kuliko nyingine.

Utafiti upi unastahili kubadilisha tiba

Sehemu kubwa ya yanayochapishwa haimhusu mgonjwa aliyelazwa leo. Zipo makala za maabara, za wanyama, za wagonjwa watano waliopata ugonjwa adimu, na zipo zinazoeleza tu kwamba watu wa aina fulani huugua kuliko wengine. Zote zina kazi yake katika kukuza elimu, lakini haziwezi kumwambia daktari abadilishe dawa. Tuseme wagonjwa waliopewa dawa mpya wamepona kwa wingi kuliko waliopewa ya zamani. Inawezekana dawa ni bora. Inawezekana pia kwamba waliopewa dawa mpya walikuwa na fedha, au walifika hospitali mapema, au madaktari waliwachagua kwa sababu hali zao hazikuwa mbaya sana. Ili kuondoa mashaka hayo, watafiti huwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu, bila daktari wala mgonjwa kuchagua nani apate nini. Makundi yakigawanywa hivyo, na yakiwa makubwa vya kutosha, matajiri na maskini, waliowahi na waliochelewa hutawanyika sawasawa kila upande, na tofauti itakayoonekana mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya tiba.

Nguvu ya njia hiyo ilidhihirika hapa kwetu Afrika Mashariki katika jaribio la FEAST, ambalo nadhani kila anayetibu watoto anapaswa kulifahamu kwa kina. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, yaani mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu na kupumua kwa shida, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Hoja ilionekana haina dosari: damu haifiki kwenye viungo, basi mishipa ijazwe. Watafiti walikwenda katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa upande wetu ikiwa Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, wakawagawa kwa bahati nasibu watoto 3,141 wa namna hiyo, wengi wao wakiwa na malaria. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, kundi la pili likapewa maji yenye protini ya albumini kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, bali huduma nyingine zote za kawaida. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika saa 48 za kwanza, walikufa asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Tiba iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa inaua.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilichukua hadi mwaka 2016 kutoa mwongozo uliopunguza maji hayo kwa watoto wa aina ile, na katikati ya miaka hiyo mabishano yalikuwa makali. Baadhi ya wataalamu wa nchi tajiri walisema hospitali zile hazikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu wala mashine za kupumulia, hivyo matokeo yake hayawahusu. Kwao hoja hiyo inaweza kuwa na uzito. Kwa daktari wa Mafinga au Kyela, hoja hiyohiyo inageuka kuwa sababu ya kuuamini utafiti huo zaidi, kwa kuwa ulifanyika katika wodi zinazofanana na yake, kwa watoto wanaofanana na wake, na kwa vifaa kama alivyo navyo. Siku zote swali la kwanza la msomaji mzuri wa tafiti ni hilo: waliochunguzwa ni akina nani, na wanafanana kiasi gani na hawa walio mbele yangu?

Swali hilo lina upande wa pili ambao ni hatari kuusahau. FEAST haikuwahusisha watoto wenye utapiamlo mkali, wala watoto waliokaukiwa maji kwa sababu ya kuhara. Daktari aliyesoma kichwa cha habari peke yake, kwamba maji ya haraka yanaua watoto, anaweza kumnyima maji mtoto mwenye kipindupindu aliyeletwa kutoka ukingo wa Ziwa Nyasa, na mtoto huyo atakufa kwa kukosa kile ambacho utafiti haukukikataza kamwe. Ndiyo maana walimu wa tiba hawachoki kuwataka madaktari walio kwenye mafunzo ya kazi wasome sehemu inayoeleza nani aliingizwa na nani aliachwa nje, ambayo ni kavu na huchosha, kabla ya kufika kwenye jedwali la matokeo.

Jiografia ya nyanda za juu huongeza ugumu wake. Kutoka Mbeya mjini, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, hadi Kyela, penye karibu mita 500, ni safari ya saa chache tu kwa basi, lakini magonjwa hayako sawa. Kyela malaria ni jambo la kila siku. Kwenye vilele vya Makete mgonjwa wa malaria kali mara nyingi ni mtu aliyesafiri, labda aliyetoka kuvuna mpunga bonde la Usangu. Hata kipimo cha oksijeni kidoleni husomwa kwa uangalifu mwingine kadiri mwinuko unavyozidi, kwa sababu kiwango cha mtu mwenye afya nacho hushuka kidogo. Kwa sababu hiyo utafiti mmoja unaweza kuwa wa haraka kwa hospitali iliyoko bondeni na wa kungoja kwa iliyoko mlimani, ingawa zote ziko chini ya kanda ileile.

Asilimia na namna ya kuzisoma

Baada ya kujua nani alichunguzwa, daktari anauliza kilichopimwa ni nini na kilibadilika kwa kiasi gani. Hapa ndipo habari nyingi za magazetini huwapoteza wasomaji.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya AQUAMAT, jaribio lililolinganisha artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wa Afrika waliolazwa kwa malaria kali, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tisa zilizoshiriki. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliotibiwa kwa artesuneti wakafa asilimia 8.5. Mtu anaweza kusema kwamba artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22, na hajadanganya, kwa kuwa 8.5 ni pungufu ya 10.9 kwa kiasi hicho. Mwingine anaweza kusema ilipunguza vifo kwa asilimia 2.4 tu, naye hajadanganya. Njia inayoeleweka zaidi ni kuhesabu watu: katika kila watoto 1,000 wenye malaria kali, 24 ambao wangekufa kwa kwinini waliishi kwa artesuneti. Kwa dawa ambayo haihitaji mashine wala chumba maalumu, faida hiyo ni kubwa mno, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti itumike kwa watoto. Leo mhudumu kijana anaweza kumaliza mafunzo yake bila kumwona mtoto aliyetundikiwa dripu ya kwinini.

Kilichopimwa ni suala jingine. Katika AQUAMAT kilikuwa kifo, ambacho hakina tafsiri mbili. Tafiti nyingi hupima kitu cha karibu zaidi, kama kushuka kwa kipimo fulani cha damu, kwa matumaini kwamba kikishuka mgonjwa naye atanufaika. Matumaini hayo hushindwa mara kwa mara, na moja ya ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hilo umetoka kwa wagonjwa wa Mbeya.

Mbeya ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambacho kwa miaka mingi kimefanya tafiti za virusi vya ukimwi na kifua kikuu kwa kushirikiana na vyuo na taasisi za nje. Kituo hicho kilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyoshiriki jaribio la REMoxTB, lililouliza kama matibabu ya kifua kikuu ya miezi sita yangeweza kupunguzwa hadi miezi minne kwa kuweka dawa ya moksifloksasini mahali pa mojawapo ya zile za kawaida. Kila aliyewahi kusindikiza mgonjwa wa kifua kikuu kwa nusu mwaka mzima anaelewa kwa nini swali hilo lilikuwa zito. Jaribio lilihusisha wagonjwa 1,931 wa nchi kadhaa, na dalili za mwanzo zilitia moyo, maana kwa waliopewa moksifloksasini vijidudu vilitoweka kwenye makohozi mapema zaidi. Kama watafiti wangeishia hapo, huenda dunia ingebadilisha tiba. Lakini waliendelea kuwafuatilia wagonjwa baada ya dawa kuisha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba waliotibiwa miezi sita walifanikiwa kwa asilimia 92, ilhali makundi mawili ya miezi minne yalifanikiwa kwa asilimia 85 na 80. Makohozi yalisafika haraka, ila ugonjwa ukarudi kwa wengi zaidi.

Sioni sababu ya kuuita utafiti huo kushindwa. Uliwazuia madaktari wa dunia nzima kufupisha tiba kwa njia isiyofaa, na wagonjwa wa Mbeya waliokubali kushiriki, wakarudi kliniki mwezi baada ya mwezi wakiwa wamekwisha kujiona wazima, ndio waliowezesha jibu hilo kupatikana. Mwaka 2021 jaribio jingine, lililounganisha moksifloksasini na dawa iitwayo rifapentini, lilionesha kwamba miezi minne inaweza kutosha, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipa njia hiyo pendekezo lenye masharti. Hata hivyo miezi sita imebaki kuwa tiba ya kawaida kwa mtu mzima katika nchi nyingi, kwa kuwa pendekezo halitoshi pale ambapo dawa haijafika.

Mwongozo, bohari na kabati la dawa

Hilo linatuleta kwenye mlolongo ambao mgonjwa haoni. Jaribio moja likichapishwa, daktari wa hospitali ya mkoa au ya misheni, iwe Iringa mjini, Tosamaganga, Ikonda au Ilembula, kwa kawaida habadilishi tiba siku inayofuata, na kwa maoni yangu hapaswi kubadilisha. Kwanza wataalamu hukusanya majaribio yote yaliyouliza swali hilohilo, yaliyopendeza na yasiyopendeza, na kuyapima pamoja. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoufanya mtandao wa Cochrane, ulioanzishwa mwaka 1993, uheshimiwe. Kisha Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo. Baada ya hapo Wizara ya Afya huamua kama, na kwa namna gani, mapendekezo hayo yataingia katika Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambao toleo lake la mwaka 2021 liko mezani kwa madaktari wengi, au katika miongozo ya programu maalumu kama ile ya kifua kikuu na ile ya ukimwi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba lazima iwe imesajili dawa. Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake Mbeya, lazima iinunue na kuisambaza. Mfamasia wa hospitali aiagize, na bima ikubali kuilipia.

Kila hatua inachukua muda, na makadirio yanayonukuliwa mara nyingi tangu mwaka 2000 husema kwamba tafiti huchukua wastani wa miaka 17 kugeuka huduma ya kawaida. Sehemu ya muda huo ni uzembe wa kimfumo unaogharimu maisha, na unastahili kulalamikiwa. Sehemu nyingine ni tahadhari yenye maana.

Mfano wa tahadhari hiyo, pamoja na gharama zake, ni dolutegravia, dawa ya kufubaza virusi vya ukimwi. Mkoa wa Njombe una kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini cha maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima, ukifuatiwa kwa karibu na majirani zake Iringa na Mbeya, hivyo badiliko lolote la dawa za kufubaza virusi linagusa maelfu ya familia za kanda hii. Mwezi Mei 2018, wakati nchi nyingi zikijiandaa kuhamia dolutegravia, uchunguzi kutoka Botswana ulitoa tahadhari: kati ya wanawake 426 waliopata mimba wakiwa wanaitumia, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, kiwango cha takriban asilimia 0.9, wakati kwa kawaida kilikuwa karibu asilimia 0.1. Watoto wanne ni wachache mno kutoa hukumu, lakini hakuna aliyeweza kuwapuuza. Ikawabidi madaktari wazungumze na kila mwanamke kuhusu uzazi wa mpango na hatari ambayo ukubwa wake haukujulikana bado. Botswana waliendelea kuhesabu. Mwaka 2019 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 0.3, Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegravia kwa watu wote wakiwemo wanawake, na kadiri hesabu zilivyozidi kukua, tofauti nayo ikazidi kufifia. Daktari aliyekuwa akifuata suala hilo kwa makini alilazimika kubadilisha maelezo yake kwa mgonjwa yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya miaka miwili, na kila mara alikuwa anasema kilichojulikana wakati huo. Wagonjwa wengi huona hali hiyo kama kuyumba. Ningewaomba waione kama dalili kwamba daktari wao anafuatilia.

Namna zenyewe za kufuatilia si za siri wala za kifahari. Ripoti ya asubuhi, ambapo aliyeshika zamu hueleza waliolazwa na waliofariki usiku, ndiyo darasa kuu la hospitali nyingi, kwa sababu swali la tiba huulizwa likiwa na mgonjwa halisi nyuma yake. Panapokuwa na wanafunzi na madaktari wa mafunzo ya kazi, kama katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayopokea wanafunzi wa ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko jijini humo, wakubwa hulazimika kusoma ili wasiaibike mbele ya vijana. Baraza la Madaktari Tanganyika nalo humtaka daktari aoneshe elimu endelevu anapohuisha leseni. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, huzipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo, ingawa intaneti ya wilayani na uchovu wa baada ya zamu huamua ni nani hasa atayafungua.

Kisha yapo makundi ya WhatsApp. Kwa daktari aliye peke yake katika hospitali ya pembezoni, kundi lenye madaktari bingwa wa kanda ni msaada wa kweli: hutuma picha ya eksirei, na ndani ya dakika chache hupata ushauri ambao zamani ungehitaji rufaa. Kundi hilohilo, hata hivyo, hupitisha makala ambayo mtumaji mwenyewe hajaisoma zaidi ya kichwa chake. Mwaka 2020 ulionesha pande zote mbili. Tarehe 22 Mei jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 kutoka mamia ya hospitali, ikisema hidroksiklorokwini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa dhidi ya korona, inaongeza vifo. Tarehe 4 Juni ikaondolewa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba kumbukumbu zile zilikuwepo. Siku chache baadaye, tarehe 16 Juni, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethazoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu iliyopo hata kwenye hospitali za wilaya, inapunguza vifo: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu kutoka asilimia 26.2 hadi 23.3. Kwa wale wasiohitaji oksijeni haikuonesha faida yoyote, na takwimu zao zilielekea kwenye madhara. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyopotea njiani habari ilipokuwa ikitumwa na kutumwa tena, na kumpa deksamethazoni mgonjwa wa korona aliyekuwa akipumua vizuri nyumbani ilikuwa ni kuuacha utafiti huku ukidhani unaufuata.

Badiliko linapofika wodini

Tuseme yote yamekwenda vizuri: ushahidi ni imara, mwongozo umebadilika, dawa ipo. Bado kuna kazi, na majaribio mawili ya miaka ya karibuni yanaonesha ni kazi ya namna gani.

La kwanza ni E-MOTIVE, lililochapishwa mwaka 2023, kuhusu akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, likihusisha zaidi ya wanawake 210,000, na kilichogawanywa kwa bahati nasibu kilikuwa hospitali nzima, si mama mmoja mmoja. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Mkunga aliweka chini ya mama shuka la plastiki lenye mistari ya vipimo ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na damu ilipovuka kiwango, mambo matano yalifanywa kwa pamoja bila kusubiriana: kukanda mji wa uzazi, dawa ya kuukaza kama oksitosini, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu isiendelee kutoka, dripu, na kuchunguza panapotoka damu. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, waliotokwa na damu kupita kiasi waligunduliwa kwa asilimia 93, dhidi ya asilimia 51 kwingineko. Madhara makubwa, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu, yaliwapata asilimia 1.6 badala ya 4.3. Msomaji makini atatambua kwamba vitu vitatu vimewekwa katika hesabu moja, na kwamba tofauti kubwa ilitokana na kupoteza damu. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kuthibitisha tofauti. Hata hivyo matokeo yana nguvu, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likayaingiza katika mapendekezo yake.

Asidi ya traneksamiki yenyewe ilikuwa imekwisha kujulikana tangu jaribio la WOMAN la mwaka 2017, ambalo Tanzania ilishiriki, na ambalo lilionesha kwamba hupunguza vifo vya kutokwa damu hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Miaka sita baadaye, WOMAN-2, lililohusisha pia akina mama wa Tanzania, likaonesha kwamba kuwapa dawa hiyo mapema wanawake wenye upungufu wa damu kabla hawajaanza kutokwa na damu hakuzuii tatizo. Dawa ni moja, maswali ni mawili, majibu ni mawili.

Katika E-MOTIVE daktari ndiye anayesoma utafiti, lakini anayeutekeleza ni mkunga wa zamu ya usiku. Asipofundishwa kwa vitendo, mashuka yakiisha Novemba na kuagizwa Februari, au asidi ya traneksamiki ikifungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda nyumbani, hospitali itakuwa inaujua utafiti bila kuufuata. Kikao cha kutathmini vifo vya uzazi ndicho kinachoonesha ukweli wa jambo hili, pale kinapofanywa bila kutafuta wa kulaumiwa: dawa ilitolewa saa ngapi, nani aliitwa, kitu gani kilikosekana.

Jaribio la pili ni la watoto njiti. Huduma ya mama kangaruu, mtoto kukaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilikuwa ikianza baada ya hali ya mtoto kutulia. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Muhimbili, ambapo watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo moja na chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa: wengine wakaanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakasubiri watulie. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza mara moja na 15.7 kwa waliosubiri, na jaribio likasimamishwa mapema ili wote wanufaike.

Kwa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai barafu huonekana kwenye majani alfajiri, ni vigumu kufikiria utafiti unaotuhusu zaidi ya huo. Lakini ili mama awe na mtoto wake mgonjwa tangu saa ya kwanza, lazima kitanda chake kiwe ndani ya wodi ya watoto wachanga, mama aliyepasuliwa ahudumiwe hukohuko, na shangazi au bibi aruhusiwe kuingia kumpokea mtoto mama anapooga. Maamuzi hayo yako kwa mganga mfawidhi, kwa anayepanga bajeti na kwa fundi wa kubomoa ukuta, na daktari aliyesoma makala hiyo hana budi kuwashawishi wote. Baada ya hapo hospitali inapaswa kuhesabu saa, pamoja na vifo. Katika jaribio lile, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku wakiwa wodi ya uangalizi, wakati wenzao walikaa kama saa moja na nusu. Wodi inayoandika kwenye jalada kwamba mtoto amepewa kangaruu, ilhali amekaa kifuani saa tatu tu kisha akarudishwa kitandani kwa sababu mama hakuwa na mahali pa kulala, bado haijampa tiba iliyofanyiwa utafiti.